Muzungu Mwenye Hajaingia Bulaya

Katuba, Lubumbashi, Jumamosi, siku ya posho, jioni

Kwako Yaya Laurentine, Likasi,

Yaya wangu, jambo sana. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, lile goti la kushoto limepunguza kelele, na tension ya damu haijapanda. Kama haijapanda bado, ngoja, utasoma. Hapa kwetu tuko bazima bote. Mimi niko muzima wa macho na wa mudomo, ni miguu tu njo inanifanyia upinzani. Mutoto wetu Edith anakusalimia, batoto bake banakusalimia, hata ile mbuzi uliyoikataza kuingia mu salon inakusalimia. Iko mu salon.

Barua hii haikupita posta. Imeletwa na mukono. Tafadhali, Yaya, usimuulize kitu mwenye kuileta, usimufukuze, usimuite ndani. Muache tu pale alipo. Vaa lunettes zako, soma mpaka mwisho, kisha utafanya unavyotaka, sawa vile umefanya siku zote. Nakujua: unasoma polepole, kidole chini ya mustari, na kila mara unasimama kusema "Rigobert, wewe!" Hakuna neno. Nimeandika nikijua hivyo.

Sasa nikuambie wazi: nimechoka na wewe. Nakuheshimu. Ulinitangulia mu tumbo la mama, ulinibeba mugongoni, na Deborah wangu ni wewe ulimulea tangu siku mama yake alituacha. Kwa hiyo hakuna mwanaume anaweza kumuoa bila wewe kufungua mulango. Hiyo sikatai. Lakini mulango yako, Yaya, ni mulango ya namna gani? Muntu anapiga hodi, unasema bado. Analeta ulichoomba, unabadilisha kufuli.

Kumbuka. Deborah alipotuambia kwamba kule Moldova, alikoenda kusomea kazi ya dawa, amepata kijana anaitwa Grigore, neno lako la kwanza lilikuwa cheti cha ubatizo. Kikaja, na muhuri mukubwa sawa kifuniko cha sufuria. Padri wako akasema ubatizo ni wa kweli, Yesu ni yule yule. Ukasema sawa, lakini hao ba-Orthodoxe umebaona mu télé, banajipiga alama ya musalaba kinyumenyume, banaanza na bega la kuume. Nikakuambia pengine Mungu anatuangalia toka upande wa mbele, na kwake ni sisi njo tuko kinyumenyume. Ulininunia Kwaresima muzima.

Kisha ukataka mama yake aje mwenyewe. Kisha ukasema ulitamani mukwe wa kwetu, Muluba, mwenye kujua vile bakubwa banaamukiwa. Na mwisho, hii yenye ilinimaliza: ulimuomba Padri carte ya dunia, ukatafuta hiyo Moldova na kidole, na Padri, Mungu amusamehe kwa kusoma sana, akakuambia nchi hii haijaingia Bulaya, ule umoja wa nchi zabo, ingali inaomba. Nilipokupigia jioni ile ulikuwa unacheka sawa muntu ameshika muizi wa kuku. Ukaniuliza ni muzungu gani huyu mwenye hajaingia Bulaya. Ukasema baingie kwanza, kisha nikuletee hiyo habari. Ukakata, na unités za téléphone zilikuwa zangu.

Baingie kwanza! Yaya, ulifikiri ni kuingia misa ya pili? Nilimuuliza Deborah itakamata muda gani. Akasema nchi ya kijana wake iliomba mwaka 2022, ikapokelewa kama yenye kungoja mwaka ule ule, lakini kuna masheria mingi ya kutengeneza, na pengine itachukua miaka. Nikapima umri wako na wangu, nikaona harusi hii tutaiangalia tukiwa mu cadre ya picha, ukutani, na maua ya plastiki pembeni.

Hapo Deborah akaniambia kitu yenye hakuwa ametuambia vizuri: mama ya Grigore ni député, mubunge wa kwabo. Tena yuko mu commission ya mambo ya kuingia Bulaya. Kazi yake ya kila siku ni huo mulango. Akatupanga tuongee na téléphone yenye picha, mimi hapa kwa Edith, mama huyo kule, Deborah pembeni yake.

Mama ni munene kidogo, nywele fupi, macho ya kucheka. Anajua Kifaransa kidogo, anasema balikifundishwa mu masomo alipokuwa musichana. Kwa hiyo tulikuwa sawa, yeye na Kifaransa chake cha masomo, mimi na changu cha kufukuzwa masomo. Nikamuuliza jina. Akasema: Liuba. Yaya, nilishika kiti. Nikamuuliza ni Liuba wa Kabongo ama Liuba wa Kasai. Hakuelewa, lakini alicheka, na mimi nikaandika moyoni: Laurentine alitaka Muluba, Mungu ameleta.

Kisha yeye akaniuliza kazi yangu. Sikudanganya hata kidogo, Yaya, na hapa usisimame, endelea kusoma. Nilimuambia niko retraité, mustaafu wa reli, na sasa niko Président wa parlement debout. Unaijua, bunge yetu ya kusimama, ni wewe unatuitaga chama cha bavivu: sisi bazee benye kusimama mu mujini, mbele ya meza ya Faustin mwenye kuuza magazeti, tunasoma bila kununua na kubishana mambo ya serikali mpaka saa ya kurudi Katuba. Deborah alikuwa ameenda kutafuta chaja. Kama angalikuwa pale, angalieleza. Lakini Mama Liuba akawaza Debout ni jina la chama. Akakaa vizuri, akaniita collègue, mwenzake wa kazi, akaniuliza chama chetu kiko na viti ngapi mu parlement. Nikamujibu ukweli mutupu: hatuna hata kiti kimoja, Mama, njo maana tunasimama.

Uso ulimubadilika kwa huruma. Akafikiri ni serikali ilitunyanganya. Akasema: courage, collègue. Mimi nikasema merci. Ungelisema nini wewe?

Njo akanieleza kazi yake, na hii nataka uisome mara mbili. Anasema nchi moja yenye kuomba mulango haiwezi kuomba peke yake, itaonekana sawa muombaji wa barabarani. Basi ba-député ba nchi zingine, majirani na barafiki benye balikwisha kuingia, ba Roumanie, ba Lituanie na bengine, banakutana na ba kwao. Banatembeleana, banabafundisha vile sheria inaandikwa ipendeze Bulaya, kisha banatia sahihi pamoja ku karatasi moja na kuwaambia bakubwa ba ndani: hawa tunabajua, fungueni. Nikamuuliza kwa nini asiende moja kwa moja kwa bale benye nyumba. Akasema, ukitafuta mulango usianze na mwenye aliingia zamani, huyo alikwisha kusahau baridi ya inje. Anza na mwenye aliingia nyuma ya bote. Huyo mikono yake ingali baridi.

Maneno haya yaliniingia, Yaya. Yashikilie, tutayarudilia.

Nyuma yake akaongeza, nafikiri kwa heshima tu, kwamba kama hata commission yetu ya Katanga ingependa kutoa sauti, angefurahi. Sasa unanijua. Muntu akinipa ufa, mimi naweka dirisha.

Asubuhi nilipeleka jambo kwa Faustin. Kwetu kura haihesabiwi na mikono, juu mikono inashika magazeti. Mwenye kukubali anatoka kwenye kivuli cha meza ya Faustin anaingia mu jua, mwenye kukataa anabaki mu kivuli. Njo maana mambo ya saa sita yanakataliwaga yote. Nikabaeleza: kuna nchi ya bazungu yenye inaomba kuingia Bulaya, na isipoingia, mutoto wangu haolewi.

Balinichokesha! Asani, ule mushoni wa Katuba, baba ya mukwe wetu Idriss mwenye alimuoa Edith, alisema kwanza nimueleze vile muzungu anaweza kukosa Bulaya, juu yeye alifikiri banazaliwaga nayo, sawa kobe na nyumba yake. Mwengine akauliza kama muzungu mwenyewe anangoja visa, mutoto wake yeye mwenye aliweka dossier ya kwenda kule angoje nini, ufufuko? Jean-Claude, mwalimu, akaleta neno la uchungu. Akasema sisi tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka ule ule hao baliomba yabo, na hakuna mwenye alituuliza hata cheti cha ubatizo, na tunaona vile majirani banatupenda. Akasema mulango yenye kufunguka upesi, angalia kama nyumba iko na ukuta. Kisha Asani akasema kama ni hivyo basi tuwaunge mukono, angalau muntu mumoja duniani aingie mahali penye ukuta.

Bakaingia mu jua, karibu bote. Faustin akatupiga picha, mimi mbele na gazeti, nikaituma na maneno haya: parlement debout ya Lubumbashi inaomba Bulaya ifungulie Moldova bila kuchelewa, juu kuna harusi inangoja.

Mama Liuba alifurahi mupaka akaionyesha ba mu commission yake: hawa ni bacollègues ba Katanga, banaonewa kwabo lakini bangali banafikiri juu yetu. Njo Deborah akajua. Alinipigia analia, Yaya. Alilia sawa alivyolia akiwa mudogo ulipomunyoa nywele. Akasema nimemufanya mutoto wa bantu ba uongo mbele ya bakwe, kwamba atamuambia nini mama huyu, kwamba baba yake ni Président wa meza ya magazeti? Akasema niongee mwenyewe, ama haolewi na muntu yeyote, wala wa ndani wala wa inje ya Bulaya.

Nikaongea. Nikamueleza Mama Liuba yote: Faustin, meza, kivuli, mbuzi hata, sijui kwa nini nilisema mbuzi. Nikamuambia kiti hatuna juu hakuna muntu alituchagua, hata sisi benyewe hatukujichagua. Alisogeza uso karibu na téléphone. Kisha akasema kwamba kwabo pia, mbele ya kuwa na parlement ya kwabo benyewe, bantu balisimama mu uwanja mukubwa wa mujini, na yeye alikuwa musichana kati yabo, miguu inauma, hakuna kiti. Akasema picha yetu haiitoi ukutani. Akasema ataendelea kuniita collègue, ila sasa ataongeza debout.

Sema, Yaya. Mama wa namna hii unamungojesha juu ya carte ya Padri?

Alitamani kuja, lakini kwabo bako mu kupiga kura masheria bila kupumzika, anasema hata kuku iko na sheria yake. Mwezi huu akamutuma Grigore na Deborah peke yabo. Ndiyo, bamefika. Bako hapa. Sikukuambia. Weka barua chini, kunywa maji, uirudilie.

Kijana ni murefu, mwembamba, si muntu wa maneno mingi. Katuba bote banamuita Grégoire. Anakula bukari ya unga wa mahindi vizuri, ila anaongea na ile mbuzi mu luga yabo, na mbuzi inamufuata. Nilikuwa nimekusudia kumuona mubaya. Hapa njo nafika ku jambo lenyewe, na ninakuomba usilisome mbele ya bantu.

Siku bale bazee balipoingia mu jua, nilikuambia karibu bote. Mwenye alibaki mu kivuli ni mimi, Yaya. Nilipiga hatua kwa picha tu, kisha nikarudi. Bakanichekelea, bakasema Président anaogopa jua. Halikuwa jua. Kila mara ulikataa, nilikupigia kelele mu téléphone, kisha nilikata na kulala vizuri. Kizuizi chako kilinifaa. Nilikuwa nakutukana wewe na kujificha nyuma ya kitambaa chako, sawa siku zile za utoto. Deborah akiolewa kule, atakuwa wa kule. Batoto bake batajipiga musalaba kinyumenyume na kuniita na jina lenye sitalijua. Nafikiri wewe pia ni hili tu njo unaogopa, na carte ya Padri ni nguo umelivalisha.

Basi nilimupeleka Grégoire kwa Faustin bamuone. Deborah akamueleza kwamba kwetu mwenye kukubali anasimama mu jua. Asani, kwa mizaha yake, akasema tupige kura kama huyu muzungu aingie mu familia ya Président. Grégoire akaingia mu jua mbele ya bote. Kisha sisi, unatujua, gazeti likaleta habari ya mpira, tukabishana, kura ikasahauliwa, Deborah akaenda kununua maji. Nilipogeuka, kijana angali pale. Kofia mukononi. Hakuna mwenye alimuambia kura imekwisha. Shingo ilikuwa nyekundu sawa nyanya yenye kuiva, na yeye anangoja, hanung'uniki, anatuangalia tu kama kuna neno lingine ataombwa.

Nikakasirika, sijui na nani. Nikatoka kumuvuta na mukono, nikimutukana kwa Kiswahili, kwamba atakufa hapa na mama yake atasema nini. Na nyuma yangu bote bakapiga kelele na mikono: Président amepiga kura! Nikaangalia chini. Nilikuwa mu jua, Yaya, mukono wake mu mukono wangu.

Kura yenye imepigwa kwetu hairudishwi.

Sasa yarudilie yale maneno ya Mama Liuba. Kwetu nani aliingia nyuma ya bote? Ni Idriss. Unakumbuka vile ulimufanya? Ulisema Muislamu, ulisema ataleta babibi batatu juu ya Edith wetu, ulimuacha mu lupango, inje ya nyumba, na mufuko wa muchele ku bega mpaka majirani bakalia. Leo ni "Papa Idriss wangu", ni yeye peke yake anajua ufunguo wa armoire yako ya nguo unalala wapi. Nilimuendea. Sikumaliza hata kueleza. Alisema yeye angali anasikia uzito wa ule mufuko, na kwamba kesho asubuhi yeye na Grégoire banapanda bus ya Likasi.

Kwa hiyo, Yaya, yule murefu mwenye amesimama mbele ya mulango yako sasa, kofia mukononi, mwenye nilikuambia usimuulize kitu, si mutumishi wa procure ya bapadri, wala hajapotea njia kutafuta mine ya shaba. Ni Grégoire, mutoto wa Liuba. Hajui Kiswahili ila "jambo Tantine", na hilo atakuwa amekwisha kulisema. Deborah nimemuzuia hapa, juu ukimuona utalia, na kura ya kulia haina maana. Barua hii nimeirefusha kusudi, ili upate muda wa kumuangalia juu ya lunettes. Najua umemuangalia. Nakujua tangu zamani.

Mama yetu alitufundisha: mukwe anasimama mpaka apewe kiti, na akipewa kiti, habari imekwisha, ni mutoto. Idriss wewe umekwisha kumusukumia kiti chake, kile cha upande wa dirisha. Sasa geuka umuangalie. Hajakaa, ama siyo? Aliniambia hatakaa mpaka mwenzake akae. Na unajua mugongo wake vile uko.

Bulaya ifanye mambo yake taratibu, iko na muda, haina goti. Sisi hatuna.

Ukifika hapa, funga barua. Msalimie Padri, mwambie carte yake nzuri lakini ndogo. Salamu kwa bote ba lupango. Edith anauliza kama apike ya bantu wangapi siku ya yenga ijayo, nyuma ya misa, nami nimemuambia ahesabu na wewe. Mungu akulinde, akufungue mukono, na mulango.

Kuna kiti kingine nyuma ya mulango, Yaya. Kile cha marehemu mama. Ninajua bado unakipanguza.

Mudogo wako mwenye kukuchokesha,

Rigobert Kabulo
Président debout